Goti la Baba Dorcus

Jumapili, 1 Aprili 1934. Pasaka.

Daftari hili nimepewa na Lazarus, karani wa ofisi, kwa sababu nilimsaidia mkewe kuandika barua ya kwenda kwao Alego. Kurasa mbili za mbele zimeliwa na panya, zilizobaki ni nzima. Mwalimu wetu wa misheni alikuwa akisema kwamba mtu akiandika siku zake ataona vizuri Mungu amemtendea nini. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo makosa yatakuwepo. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumba yetu. Mimi ni Mjaluo wa Gem na Alfayo ni mtu wa Bunyore, na tukigombana kila mmoja kwa lugha yake hakuna anayeshinda.

Tuko katika shamba hili tangu Januari. Chumba chetu ni cha mwisho katika laini ya tatu ya nyumba za wafanyakazi. Mabati hayavuji. Dorcus ana miezi minane, ana afya, anacheka na kila mtu hata nyapara. Asante Mungu.

Jumatatu, 2 Aprili

Mvua saa nane.

Jumanne, 3 Aprili

Mvua saa nane. Dorcus ameota jino.

Jumamosi, 7 Aprili

Leo wameshinda, mabao matatu kwa moja. Alfayo alifunga mawili.

Niandike juu ya kazi yake, ili Dorcus akiwa mkubwa asome. Katika kipande cha baba yake, ile hati ya kazi, imeandikwa kazi ya kiwanda, lakini kila mtu anajua aliajiriwa kwa miguu. Alianza na watu wa reli kule Fort Ternan: siku tano anabeba vyuma, Jumamosi anacheza. Bwana mmoja wa chai alimwona pale akamchukua kwenye shamba la ng'ambo ya mto, na hapo ndipo nilipoolewa naye. Timu ilipovunjika tukaenda shamba la msituni, ambako ukungu hauondoki na nguo hazikauki. Chai ilipopunguzwa mwaka jana, watu wa mpira ndio waliotolewa kwanza. Tukaenda upande wa Kabianga. Nilitembea njia yote na sufuria kichwani na Dorcus tumboni. Huko tulikaa miezi michache tu, Bwana aliyependa mpira akarudi kwao Ulaya, na aliyekuja alipenda farasi.

Sasa tuko hapa. Bwana wa hapa watu wanamwita Bwana Mluzi kwa sababu hupiga mluzi akimwita mbwa wake, na mkewe, na makarani pia. Mwezi wa kwanza alimwambia Alfayo, "Wewe napata mimi kombe, mimi napa wewe nyumba." Kombe la mashamba yote huchezwa mwisho wa Julai. Wakilichukua, tunabaki. Wasipolichukua, kipande kinatiwa sahihi ya kuondoka na mimi nafunga mizigo mara ya nne.

Nilikuwa nadhani mume wangu ana miguu isiyotulia. Mama yangu ndivyo alivyosema, "Huyo ni mtu wa njiani." Lakini leo nilimtazama akiosha matope kwenye mfereji, mtu wa miaka thelathini, akijisugua polepole kama mtu anayeosha chombo cha kuazima.

Jumapili, 8 Aprili

Kanisani. Mvua saa nane.

Jumamosi, 21 Aprili

Uwanja ulikuwa matope tupu. Beki wa upande wa pili alimwangukia Alfayo gotini. Aliinuka akacheza mpaka firimbi ya mwisho, watu wakampigia makofi. Nyumbani goti lilikuwa limevimba kama kiazi.

"Usiseme kwa mtu," aliniambia.

"Hata Nyatichi?"

"Hasa Nyatichi."

Nyatichi ni jirani yangu, Mkisii, mke wa Mokaya ambaye ni kipa. Mdomo wake hauna mlango, lakini ndiye aliyenipa unga wa uji siku tulipofika hapa bila kitu.

Jumatatu, 23 Aprili

Nimechana leso yangu ya zamani, nikamfunga goti kwa ndani ya suruali. Akaenda kazini akitembea wima. Mvua saa nane.

Alhamisi, 3 Mei

Nyatichi tukiwa mtoni: "Mama Dorcus, mume wako siku hizi anatembea kama kuku aliyefungwa kamba."

Nikasema ni viatu.

"Viatu gani? Alfayo ana viatu?"

Nikacheka, yeye akacheka, tukafua. Lakini aliniangalia.

Jumamosi, 12 Mei

Bila bila. Alfayo hakukimbia, alisimama mahali pazuri tu akingoja mpira umfikie. Watu wanasema anatumia akili. Mimi najua ni nini.

Jumatano, 16 Mei

Leo nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Nimeandika barua kwa Joab, karani wa shamba la juu kule kwenye kilima, aliyekuwa pamoja na Alfayo wakati wa reli. Nimeuliza kama shamba lao linataka mchezaji. Nimesema ana nguvu na hana ugonjwa wowote. Nilifikiri, kama goti litamshinda kabla ya kombe, afadhali tuwe na mahali pengine tayari, mtoto asilale njiani. Na kwa kuwa hakuna atakayesikiliza mwanamke, chini nimeandika jina la Alfayo.

Nimempa mama Mkipsigis anayeleta maziwa, maana hupita kule juu. Aliiweka chini ya kifuniko cha kibuyu akasema, "Mama, hii parua itafika."

Alhamisi, 17 Mei

Mvua saa nane. Sina raha.

Jumamosi, 26 Mei

Sijui nianze wapi.

Nilikuwa napepeta mahindi Lazarus alipokuja mbio, kofia mkononi. Huyu Lazarus sikumpenda sana zamani, nilimwona mtu wa kubeba maneno. Akasema, "Shemeji, kaa chini kwanza."

Kumbe katika shamba la juu barua zote za ofisi hufunguliwa na Bwana mwenyewe. Joab hata hakuiona. Na mabwana wa mashamba wamepatana kwamba hakuna kunyang'anyana watu: mtu asiye na sahihi ya kuachiliwa kwenye kipande haguswi na shamba lingine. Kwa hiyo yule Bwana aliirudisha barua kwa Bwana Mluzi, kwa farasi, siku hiyohiyo.

Bwana Mluzi alimwita Alfayo ofisini. Lazarus alikuwa pale kutafsiri. Aliweka barua mezani.

"Wewe nakula chakula yangu, nalala nyumba yangu, halafu naandika hii?"

Lazarus anasema Alfayo aliitazama barua muda mrefu. Yeye kusoma anasoma kidogo, kuandika ni jina lake tu. Lakini mkono wangu anaujua. Ninapoandika herufi ya D huwa naivuta mkia, na kila siku ananicheka kwa hiyo.

Akasema, "Ndiyo, Bwana. Ni yangu."

Ameondolewa katika timu. Ametumwa darini kiwandani, mahali majani mabichi yanapotandazwa yanyauke, mpaka siku thelathini za kazi za tikiti yake ziishe. Halafu aende zake.

Alipoingia nyumbani jioni nilikuwa nimeshajua yote. Nikapiga magoti. Akasema, "Inuka, mtoto ana njaa." Alimlisha Dorcus uji mwenyewe, kijiko kwa kijiko, akimfuta mdomo.

Jumapili, 27 Mei

Sikwenda kanisani. Alfayo yuko kimya. Nimeomba nyuma ya nyumba kwenye mvua.

Jumatatu, 28 Mei

Nimekwenda ofisini.

Nilimfunga Dorcus mgongoni, nikavaa gauni la harusi kwa kuwa ndilo pekee lisilo na kiraka. Wanawake hawaingii ofisi ya Bwana. Nilisimama barazani mpaka mbwa akabweka. Lazarus alitoka, aliponiona macho yakamtoka.

"Shemeji, rudi nyumbani."

"Mwambie Bwana nimekuja kwa ajili ya barua."

Bwana Mluzi alitoka na kikombe mkononi. Nikasema kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo: "Barua ile niliandika mimi. Mume wangu hakujua. Jina ni lake, mkono ni wangu."

Alicheka. "Bibi ya mpira najua kuandika?" Akamwambia Lazarus alete karatasi na penseli. "Basi andika. Mimi taona."

"Niandike nini, Bwana?"

"Yoyote."

Niliweka karatasi juu ya ukuta wa baraza. Nilifikiri niandike mstari wa Zaburi, ninayo mingi kichwani. Lakini niliona kwamba barua ile ilikuwa na uongo mmoja ambao bado haujatoka, na kama nikiandika Zaburi juu ya uongo sitaweza kusali tena. Nikaandika: Goti la mume wangu limeumia tangu Aprili. Hawezi kukimbia. Nilidanganya kwa sababu ya mtoto.

Lazarus alisoma kwa sauti, na kila neno sauti yake ilishuka. Bwana alichukua karatasi akaiweka pembeni ya barua, akalinganisha. Muda huo wote Dorcus alikuwa akimpungia mbwa mkono.

"Mkono moja," akasema. Kisha: "Kwa hiyo yeye hapana mtoro. Lakini mimi hapana taka mchezaji ya mguu moja. Tikiti nakwisha, nyinyi nakwenda."

Nimerudi nyumbani nikijua nimesafisha jina lake na kumaliza kazi yake kwa karatasi moja.

Jumanne, 29 Mei

Alfayo amezungumza. Nyatichi ndiye aliyemwambia kila kitu kabla yangu, sijui yeye aliambiwa na nani.

Aliketi kitandani, akafungua leso kutoka gotini, akaitupa pembeni. "Nyar Gem," akasema, yaani binti wa Gem, jina ambalo huniita akiwa na furaha, "mwezi mzima nimetembea kama askari ili watu wasijue. Nimechoka. Asante kwa kuandika."

"Nimekupotezea kazi."

"Goti ndilo limepoteza. Wewe umesema tu."

Kisha akacheka. "Lakini kuandika jina langu bila ruhusa! Siku nyingine andika angalau uzuri wa sura yangu."

Nililia nikicheka. Mungu, umenipa mtu huyu na mimi sikujua kumsoma.

Ijumaa, 8 Juni

Mvua saa nane. Alfayo anasema darini kuna joto zuri kwa goti.

Jumatano, 13 Juni

Nyatichi amenifundisha kukanda goti kwa maji ya moto na majani anayoyajua yeye. Anakanda kwa nguvu kama unga wa mtama. Alfayo anapiga kelele, Mokaya mlangoni anamcheka: "Huyu ndiye aliyekuwa akinifunga mabao mazoezini!"

Ijumaa, 22 Juni

Tikiti bado haijaisha, kwa maana siku ambazo kiwanda hakina majani hazihesabiwi. Nimeanza kutafuta kamba ya mizigo. Sina hasira. Nimekaa hapa masika moja, sijaona mtoto wangu akiugua hata mara moja.

Jumanne, 26 Juni

Onsongo, mzee anayesimamia dari, ameshikwa na homa. Alfayo na wengine wawili wamebaki peke yao.

Alhamisi, 5 Julai

Mvua ya mawe.

Ilikuja saa nane kama kawaida yake, lakini haikuwa mvua. Mabati yalipiga kelele hata nikaona Dorcus analia bila kumsikia. Ilipokwisha tulitoka nje, vilima vyote vilikuwa vyeupe. Chai imepigwa, majani yamechanika, matawi yamebaki vijiti. Wachumaji walikaa kwenye mistari na vikapu vitupu. Nyatichi aliokota barafu akampa Dorcus alambe, mtoto akakunja uso, na hapo ndipo mtu wa kwanza alipocheka.

Ijumaa, 6 Julai

Wamechuma kila jani lililobaki kabla halijaoza. Kiwanda kimejaa majani yaliyolowa. Alfayo hakuja kula mchana, nikampelekea ugali na mboga.

Naandika nilichokiona mwenyewe. Dari ni refu kama kanisa, na maturubai yamewambwa kama rafu, moja juu ya jingine, yote yamejaa majani yanayotiririka maji. Wale wawili walikuwa wameyamwaga kwa unene kama siku zote. Alfayo aliingiza mkono akayafinya, akayanusa, akasema, "Haya yatachacha humuhumu. Hayatafika mashineni."

"Onsongo anasema unene ni huo," mmoja akajibu.

"Onsongo hajakaa msituni."

Hapo akafungua madirisha yote ya upande wa mashariki. Wale wawili walipiga kelele kwamba imekatazwa, hewa ya moto itapotea. Yeye alianza kuyagawa majani, akiyatandaza membamba, jani na jani lisilale juu ya lingine, akiyageuza kwa vidole. Alikuwa akichechemea kutoka turubai hadi turubai. Niliweka chakula chini, nikamshusha Dorcus kwenye gunia, nikaanza kutandaza naye.

Akaniambia, "Kule msituni kulikuwa na maji kila siku na pangaboi la kupuliza hewa lilikuwa bovu. Hatukuwa na njia nyingine."

Ndipo alipopanda Zacheus, fundi mkuu wa kiwanda, Mkikuyu wa Kiambu, mtu mkali ambaye hata makarani humwogopa.

"Nani amefungua madirisha yangu?"

"Mimi, mzee."

"Wewe mtu wa mpira? Na huyu mwanamke na mtoto wanafanya nini kwenye dari langu?"

Alfayo alimsogelea. Alichukua konzi ya majani kutoka turubai la kwanza alilotandaza, akampa. Zacheus aliyafinya. Akayaachia, yakabaki yamejikunja kiganjani, laini kama kitambaa. Akayanusa. Akachukua mengine kutoka turubai nene, akayanusa, akakunja uso.

"Hii umefundishwa wapi?"

"Msituni. Na kusikiliza jani linavyovunjika nilifundishwa ng'ambo ya mto. Kabianga walinifundisha harufu."

Zacheus alikung'uta viganja. Kisha akawageukia wale wawili akanguruma, "Mnasimama kama nguzo kwa nini? Tandazeni kama anavyotandaza!" Na kwangu akasema, "Mama, mtoe huyo mtoto, atakula chai."

Jumamosi, 7 Julai

Alfayo amelala mchana wote. Majani yalipona karibu yote. Nimekaa nikimtazama. Miaka yote nilihesabu mashamba aliyofukuzwa. Kumbe kila mahali alikuwa akiondoka na kitu mkononi, nami niliona mizigo tu.

Jumatatu, 9 Julai

Mvua saa nane, ya kawaida, tamu.

Ijumaa, 13 Julai

Tikiti imekwisha leo. Nilikuwa nimefunga sufuria, blanketi na Biblia. Nyatichi alikuja akakaa juu ya mzigo wangu makusudi, akakataa kuinuka.

"Mama Dorcus, hapa siondoki. Mtanibeba na mimi."

Saa tano Lazarus alikuja, safari hii hakukimbia. Alisimama mlangoni akajifanya anasafisha kofia.

"Sema, shemeji, usitutese."

Akasema Alfayo alikwenda na kipande chake kutiwa sahihi. Bwana alikuwa ameshika kalamu. Zacheus akaingia bila kubisha, na vumbi la chai kwenye nywele zote, akasema kwamba Onsongo amerudi lakini kifua chake hakimruhusu tena kupanda ngazi, na kwamba yeye Zacheus hatapokea jani moja darini kama huyu mtu akiondoka. Bwana akauliza, "Huyu ya mpira?" Zacheus akasema, "Sijui mpira. Mimi namjua kwa mikono."

Bwana Mluzi alipiga mluzi kidogo, wa kufikiri. Halafu akakunja kipande bila kutia sahihi, akamrudishia.

"Na barua?" Alfayo aliuliza, maana hataki jambo libaki nyuma yake.

"Bibi yako," Bwana akasema, "yeye naandika vizuri kuliko Lazarus."

Lazarus aliniambia hilo mwenyewe bila kuona haya, na kwa hilo nimemsamehe maneno yote aliyowahi kubeba.

Nyatichi aliinuka kwenye mzigo akaufungua yeye, sufuria ikatoka kwanza.

Jumapili, 15 Julai

Kanisani tulikwenda wote watatu. Nilikuwa na mambo mengi ya kushukuru hata nikachelewa kusema Amina, watu wakanigeukia.

Alhamisi, 19 Julai

Mvua saa nane. Alfayo sasa anasimamia dari. Ameniletea harufu ya majani ndani ya nyumba.

Jumamosi, 28 Julai

Fainali. Nimemwuliza Alfayo kama moyo utamuuma, akasema twende tuone.

Mara zote nilizokwenda uwanjani nilisimama na wanawake nikimtafuta yeye kwa macho, sikuona mchezo wenyewe. Leo aliketi karibu yangu kwenye nyasi, Dorcus mapajani mwake, akanieleza kila kitu: kwa nini yule amesimama pale, kwa nini huyu hapigi bado. Kumbe kuna akili nyingi. Mokaya aliokoa mpira mmoja kwa uso, Nyatichi akapiga vigelegele na kulia pamoja. Tumefungwa mbili kwa moja. Kombe limekwenda shamba la juu. Bwana Mluzi alitupa kofia yake chini, mbwa akaiokota akakimbia nayo.

Watu walipokuwa wakitawanyika, mwanamume mmoja wa Fort Ternan, beki wa zamani wa reli, alimwona Alfayo akaja akinyoosha mkono kutoka mbali.

"Alfayo wewe! Nimekutafuta uwanjani sikukuona. Mwaka huu unamchezea nani?"

"Simchezei mtu. Nakaa hapa."

"Unakaa?"

"Nakaa," Alfayo akasema. Dorcus alikuwa amelala mikononi mwake, kwa hiyo akampa yule rafiki kiwiko amsalimie.